Peke yako kutoka Lubumbashi: ushuke Zambia au upande Kundelungu?

Mtu wa Lubumbashi mwenye likizo fupi, begi moja na hamu ya kuona fasi asizozijua ana njia mbili kubwa mbele yake. Ya kwanza inashuka kusini: Kasumbalesa mpakani, Copperbelt (eneo la migodi ya shaba la Zambia), Lusaka, mpaka Livingstone kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria. Ya pili inapanda kaskazini: uwanda wa juu wa Kundelungu, maporomoko ya Lofoi, mto Lufira, Bunkeya ya mtawala wa kale M'siri. Wengi huzilinganisha kwa picha. Wanatazama maji yapi yanaanguka vizuri zaidi, wanachagua. Kama mko wanne, hakuna ubaya. Kwa anayeenda peke yake kuna swali linalotangulia picha: njia hiyo inauza kiti, au inauza gari zima?

Kusini kunauzwa kwa kiti. Toka hapa mjini mpaka mlangoni mwa hifadhi ya Livingstone unaweza kufika kwa kulipia makalio yako tu, gari baada ya gari, bila kumkodi mtu yeyote. Kaskazini ni hivyo mpaka lami inapokwisha. Baada ya hapo, mwenye Land Cruiser anakutajia bei ya siku, na bei hiyo ni ileile mkiwa watano au ukiwa wewe na kivuli chako. Mengine yote nitakayoyasema hapa, ya usalama, ya gharama, hata ya upweke wenyewe, yanatokana na tofauti hiyo.

Kasumbalesa, polepole

Nianze na mpaka, kwa sababu ndio unaowatisha wengi wasiowahi kwenda peke yao, na ndio ninaoulizwa zaidi.

Kutoka mjini ni kama kilomita 90 za lami. Kabla hujauona mpaka utayaona malori: yamejipanga kando ya barabara, moja nyuma ya jingine, yamebeba shaba na kobalti, madereva wamelala chini ya trela au wanapika. Foleni hiyo si yako. Abiria anashuka karibu na geti na kutembea. Upande wetu unapita DGM, watu wa uhamiaji, kwa muhuri wa kutoka, na mtu wa afya anaangalia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Upande wa Zambia unaanza upya: afya, uhamiaji, mzigo. Masharti ya visa hubadilika, kwa hiyo pita kwenye konsula ya Zambia hapa Lubumbashi na uulize kabla hujabadilisha hata dola moja. Usiulize kwa jirani aliyevuka zamani.

Ugumu wa kuvuka peke yako hauko kwenye karatasi. Uko kwenye begi. Mkiwa wawili, mmoja anasimama dirishani na mwenzake anakaa juu ya mizigo. Ukiwa mmoja, huna wa kumwachia. Ndiyo maana mimi nawaambia watu: begi liwe la mgongoni, moja, linaloingia nawe kila chumba. Sanduku la magurudumu limewaponza wengi pale, maana mtu akiligeuzia kisogo wakati anajaza fomu, moyo wote unabaki nyuma.

Halafu kuna vijana. Watakufuata kuanzia unapotia mguu chini. "Yaya, leta pasipoti, niko najuana nao mule ndani." Wengine ni watu wema wanaotafuta franga ya chakula, wengine hapana, na kwa sura huwezi kuwatenganisha. Jibu ni lilelile kwa wote, kwa heshima: "Asante ndugu yangu, najua njia." Useme hivyo hata kama hujui. Pasipoti inatoka mkononi mwako kwenda kwa afisa aliye nyuma ya dirisha, na kutoka kwake inarudi mkononi mwako.

Kuhusu pesa, jihadhari na jambo moja ambalo wabadilishaji wa barabarani hawatakueleza. Tarehe 31 Machi 2025 Benki ya Zambia ilitoa noti mpya za kwacha, zikiwamo za 200 na 500 ambazo hazikuwapo, na noti za zamani zikapewa mwaka mmoja tu. Kwa hiyo ukipewa bunda la noti zilizochakaa kwa bei nzuri ajabu, jiulize kwa nini ni nzuri. Badilisha kidogo mpakani, za kukufikisha Kitwe au Ndola, kisha nenda duka la kubadilishia au benki. Na sahau mazoea ya hapa kwetu ya kununua nyama kwa dola na kurudishiwa franga: kule utalipa kwa kwacha. Dola zako zichague vilevile. Kwetu noti iliyochanika ncha hata mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, anaikataa, na kule nako usitegemee huruma.

Yapo pia mambo yanayorahisisha. Saa haibadiliki, Lubumbashi na Lusaka zina saa ileile, tofauti na Kinshasa iliyo nyuma yetu kwa saa nzima. Kibemba kinavuka mpaka pamoja nawe. Mwenye bibi wa Kasenga au Sakania anajua kusema "mulishani mukwai", na salamu hiyo inafungua nyuso za Copperbelt kuliko Kiingereza cha kubahatisha. Ila barabara inageuka. Kule magari yanapita kushoto, na mtembea kwa miguu aliyekulia Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, ana shingo iliyozoea kugeuka upande mbaya. Tazama kulia kwanza. Nalisema kwa uzito: katika hatari zote za Zambia kwa mgeni wetu, hii ndiyo ya kila siku.

Njia ya kusini inakupa nini

Baada ya mpaka ni Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Ndola. Miji ya shaba. Utajiona uko nyumbani kwa kiasi fulani: milima ya mabaki ya migodi, nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa safu, munkoyo, kinywaji cha mahindi, unauzwa kando ya njia. Wengine huivuka yote usingizini ili wawahi Lusaka. Mimi ningelala Ndola, kwa sababu moja.

Nje kidogo ya Ndola, msituni, ndipo ndege ya Dag Hammarskjöld ilipoanguka usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akitokea Léopoldville (Kinshasa ya leo) kuja kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo. Katanga ile makao yake makuu yalikuwa hapa tulipo. Watu 16 waliokuwa ndani ya ndege walikufa wote. Kuna mnara wa ukumbusho na jumba dogo la makumbusho, na uchunguzi wa kilichoiangusha bado haujafungwa; Umoja wa Mataifa uliukabidhi kwa Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mtoto wa Lubumbashi anasoma habari hii shuleni kama jambo la mbali. Ukisimama pale peke yako, bila kiongozi wa kikundi anayekuhimiza kurudi garini, unatambua kwamba umetoka nyumbani asubuhi na jioni uko kwenye ukurasa wa historia ya mji wako mwenyewe.

Lusaka nitaipita haraka. Ni mji wa kubadilisha basi, kula vizuri, kulala. Kituo kikuu cha mabasi kina wapiga debe wanaoshika mikono ya watu, na hapo ndipo simu hutoweka. Fika mchana. Ukifika usiku ukiwa peke yako, chukua teksi iliyoitwa na watu wa gesti yako, hata kama ni ghali kidogo.

Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni karibu kilomita 480, siku nzima ya basi, tambarare, mahindi na ng'ombe. Kiti cha dirishani kinatosha. Na ukifika, mambo yamepangwa: geti, tiketi, njia zenye vibao, koti la mvua la kukodi. Maporomoko yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, na kuanzia Machi mpaka Mei maji ni mengi kiasi kwamba kwenye daraja dogo la miguu linaloyakabili hutaona kitu ila ukungu mweupe; utaloana mpaka soksi. Simu itie kwenye mfuko wa plastiki. Chakula usikifungue ndani ya hifadhi: nyani wa pale wamezoea watalii na wanamjua aliye peke yake. Wanakuja wawili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Kuna jambo ambalo watu wengi wa hapa wanaosafiri kule hawalitambui mpaka waambiwe. Lile daraja la chuma juu ya korongo la Zambezi, lililofunguliwa 1905, lilikuwa kiungo cha reli iliyoendelea kupanda: Kabwe 1906, kisha Sakania, na mwaka 1910 treni ya kwanza ikaingia Élisabethville, yaani huku kwetu. Mji wetu uliota mwishoni mwa reli ile. Unaweza kuingia darajani kwa miguu bila visa ya Zimbabwe: maafisa wa uhamiaji wa Zambia wanakupa karatasi ya kupita, unatembea mpaka katikati, unarudi. Mimi nauthamini mwendo huo kuliko koti la mvua na ukungu wote, lakini hilo ni la kwangu.

Kaskazini, ambako hakuna kiti

Sasa Lofoi. Maji yanaanguka kwa pigo moja kutoka ukingo wa uwanda wa Kundelungu, zaidi ya mita 300. Kwa kimo yanayaacha Mosi-oa-Tunya mbali, mara tatu na ziada. Hakuna upana ule, hakuna ngurumo ya kusikika kutoka barabarani. Ni uzi mrefu mweupe kwenye ukuta wa jiwe, na chini yake msitu mnene unaoishi kwa unyevu wake. Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu ilianzishwa 1970 na inasimamiwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi mazingira. Sehemu za juu zinapita mita 1,700, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai ni baridi ambayo blanketi la Lubumbashi halijawahi kukutana nayo.

Kufika kunataka gari linalovuta magurudumu manne, dereva anayeijua njia ya mwaka huu (ya mwaka jana haisaidii, mvua zimepita), mafuta ya kwenda na kurudi ndani ya vidumu, hema, maji, chakula, na ruhusa ya ICCN. Ndani ya hifadhi unatembea na mlinzi. Hesabu sasa: wewe, dereva, mlinzi, na pengine kijana wa kusaidia kusukuma. Umetoka kwako ukisema nasafiri peke yangu, na tayari mko wanne kwenye gari. Tofauti ni kwamba anayelipa ni mmoja.

Kwa franga, jambo liko hivi: kodi ya gari la namna hiyo kwa siku moja, pamoja na dereva na mafuta, mara nyingi inatosha kukupeleka Livingstone kwa basi na kukurudisha. Na Lofoi si safari ya siku moja. Mkiwa wanne mnagawana na inakuwa bei ya heshima. Ukiwa mmoja, unalipia viti vitatu vya hewa.

Lakini kabla hujaifuta kaskazini, sikiliza sehemu yake nyingine, ambayo kusini haina.

Barabara ile inapita vijijini, na kijijini mgeni hapiti tu. Anapelekwa kwa mfumu, yaani chifu. Gari linasimama chini ya mwembe, kijana anatangulia kutoa habari, unangoja. Ukiitwa unaingia uani, unachuchumaa kidogo, unapiga makofi ya taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, hutangulii kukaa mpaka uonyeshwe kigoda. Unasema unatoka wapi na unakwenda wapi. Dereva mzuri amekukumbusha kubeba kitu: sukari, chumvi, miche ya sabuni. Si hongo, ni adabu, na anayedhani vinginevyo atatambua ugumu wake gari likikwama kilomita mbili mbele na hakuna mkono wa kusukuma.

Baada ya hapo wanakuja akina mama. Ukiwa mwanamke maswali ni yale yale kila kijiji. "Uko mutoto wa nani? Bwana yako iko wapi? Na batoto?" Mtu wa mjini anaweza kuyachukua vibaya. Nilivyoona mimi, wanatafuta mahali pa kukuweka. Mtu asiye na watu anawatia wasiwasi, kwa hiyo wanatafuta ukoo wako mpaka waupate, na wakiupata (kila mara kuna shangazi aliyeolewa Lukafu) umekuwa mtoto wa pale. Bukari, ugali wetu, linaletwa. Hulali bila mtu kujua umelala wapi.

Linganisha na Lusaka. Pale hakuna anayekuuliza bwana wako. Mhudumu anakupa ufunguo, anasema karibu, basi. Unaweza kukaa siku nzima bila kutamka neno ila la kununua maji. Kuna watu wanaokwenda mbali kutafuta hasa hicho: kutoulizwa. Mama anayefanya kazi benki hapa mjini, mwenye nyumba iliyojaa wageni wa ukoo kila mwezi, akiniambia anataka siku tano za kutoitwa na mtu, nitampeleka kusini bila kusita. Kijana aliyemaliza Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, aliyekulia kwenye zege, asiyejua hata kupiga makofi mbele ya mfumu, huyo nitamtaka aende kaskazini, hata kama itabidi angoje akusanye wenzake wa kugawana gari.

Bunkeya na Kiubo

Hizi mbili watu huziunganisha na Lofoi kana kwamba ziko jirani. Haziko, na kwa msafiri wa peke yake hazifanani.

Bunkeya inafikiwa kupitia Likasi, na Likasi yenyewe ni kilomita 120 za lami na viti tele. Kutoka Likasi kuelekea kaskazini unaweza kupata pikipiki, na pikipiki ni kiti. Ndiyo maana katika kaskazini yote hii ndiyo inayomfaa mtu mmoja. Palikuwa makao makuu ya M'siri, aliyetoka kwa Wasumbwa wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, akajenga dola ya Wayeke juu ya shaba, pembe na biashara ya watumwa. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa faida ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Bodson naye akapigwa risasi na watu wa M'siri, akafa muda mfupi baadaye. Ukoo bado uko. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe, alitoka humo. Usitegemee jumba la makumbusho lenye vibao. Utategemea mzee atakayekubali kuzungumza, na mzee hazungumzi na mtu aliyeteremka kwenye pikipiki na kuinua simu kupiga picha. Jitambulishe kwanza, omba, ngoja. Panga kulala.

Kiubo ni maporomoko ya mto Lufira, mapana na yenye nguvu, kwenye njia ya Mitwaba. Ni mazuri, na mimi simshauri mtu wa peke yake. Mitwaba ni pembe mojawapo ya ile inayoitwa pembetatu ya kifo, pamoja na Manono na Pweto, kwa sababu ya makundi yenye silaha ya Mai-Mai yaliyochoma vijiji na kukimbiza watu kwa miaka. Kuna vipindi vya utulivu na watu wa Lubumbashi huenda kula Krismasi pale kwa misafara ya magari. Msafara ni jambo moja. Mtu mmoja na dereva aliyemkodi jana ni jambo jingine. Ukitaka Kiubo, nenda na kikundi, uulize madereva wa malori ya njia hiyo wiki unayotaka kuondoka, na uwe tayari kughairi.

Upemba, hifadhi ya 1939, naiacha nje kabisa ya ulinganisho huu kwa sababu hiyohiyo, na kwa sababu ya umbali.

Miezi

Hapa ndipo njia mbili zinapogombana. Maji yote, ya kusini na ya kaskazini, hujaa mwishoni mwa mvua. Kusini haikuzuii: lami ni lami, hata Machi. Kaskazini inakuzuia, maana Machi ambapo Lofoi ni pana na inapiga kelele, barabara yake ni supu. Ukingoja Septemba barabara imekauka vizuri, vumbi tu, na Lofoi imebaki uzi mwembamba ambao upepo unautawanya kabla haujafika chini. Mei na mwanzo wa Juni ndiyo nafasi: matope yameshikana, maji bado yapo. Nafasi hiyo ni nyembamba na magari ya kukodi yanajua, yanapanda bei.

Kwa Livingstone, Mei na Juni pia ni nzuri, maji yapo na ukungu umepungua. Anayekwenda Oktoba au Novemba ajue kwamba upande wa Zambia ukuta unaweza kubaki jiwe tupu sehemu kubwa, maji yamekimbilia upande wa Zimbabwe. Watu hurudi wamekasirika, wanasema wametapeliwa. Hawakutapeliwa, hawakuuliza mwezi. Na mwenye kupenda mambo ya pekee atafute mwezi mpevu kipindi cha maji mengi: hifadhi hufunguliwa usiku na upinde wa mvua unaonekana kwa mwanga wa mwezi.

Simu, picha, karatasi

Kusini mtandao unakufuata karibu njia nzima. Nunua laini ya kule kwa pasipoti, mtumie mtu wa nyumbani namba ya basi na jina la gesti, basi. Kaskazini simu inakufa mapema. Kabla ya kuondoka mwambie mtu mmoja, mwenye akili timamu, siku utakayorudi na ni siku ya ngapi aanze kuulizia. Huyo mtu ndiye bima yako.

Picha: Zambia piga, ila maafisa na mpaka uache. Kwetu kuwa mwangalifu zaidi. Madaraja, mabwawa ya umeme, migodi, askari, hata jengo la ofisi lililochakaa, vyote vinaweza kukuletea nusu siku ya maelezo kwenye kibanda cha mtu mwenye kofia. Ukiwa peke yako nusu siku hiyo ni ndefu, hakuna wa kwenda kumtafuta mjomba anayemjua komanda. Beba kadi ya mpiga kura halisi, nakala zake kadhaa, na ukiwa na barua ya ICCN ishike mbele.

Ningechagua nini

Kwa safari ya kwanza ya peke yako maishani: kusini. Sisemi hivyo kwa sababu ni nzuri zaidi. Kila kosa utakalolifanya kule linarekebishika kwa basi linalofuata. Umelala, umepita kituo? Shuka, vuka barabara, rudi. Hupendi gesti? Iko nyingine. Kaskazini kosa dogo, kidumu cha mafuta kisichojazwa vizuri kwa mfano, ni usiku msituni.

Kwa aliyeshazoea, na aliyepata wenzake watatu wa kugawana gari: Lofoi mwezi wa Mei, bila kufikiri mara mbili. Chagua wenzako wanaoamka mapema na wasiopiga muziki kambini, mtaachana kila asubuhi kila mtu na njia yake pamoja na mlinzi, mtakutana jioni kwenye moto. Huko ni kusafiri peke yako kwa kadiri kaskazini inavyoruhusu.

Na kwa asiye na pasipoti wala franga ya gari, ambao ndio wengi wetu, kuna njia ambayo hailingani na hizo mbili kwa sifa: Kasenga. Magari ya abiria yapo, unalipa kiti. Unafika kwenye mto Luapula, na ng'ambo ile unayoiona, yenye moshi wa kupikia na watoto wanaooga, ni Zambia. Samaki wanaoliwa Lubumbashi wametoka kwenye maji haya tangu enzi za wafanyabiashara Wagiriki walioanzisha uvuvi mkubwa hapa. Hakuna maporomoko. Kuna ufuko wa asubuhi mitumbwi inaporudi, wanawake wanaokisia uzito wa beseni kwa macho, bei inayobadilika kabla jua halijapanda, na gesti za kawaida ambazo ukifika Jumatatu utachagua chumba. Nenda siku mbili au tatu. Ukirudi, uliza kwanza gari limebeba nini: lililobeba samaki wakavu ni rahisi zaidi na linatoka mapema, lakini nguo zako zitahitaji kuoshwa mara mbili.